Mlinzi wa Ngano wa Eleusis: Uchambuzi wa Kisa cha Mwaka 1801

Mwezi wa Novemba 1801, katika kijiji cha Eleusis, kilomita 20 hivi magharibi ya Athens, ng'ombe dume aliyefunguliwa nira alisogea hadi mbele ya sanamu ya marumaru iliyofukiwa katika samadi, akaipiga kwa pembe zake kwa muda, kisha akatimka mbio huku akilia kuelekea bondeni. Wanakijiji waliokuwa wamekusanyika hapo walianza kunong'onezana, na kazi iliyokuwa ianze ikasimama. Walikuwa wametakiwa kusaidia kuing'oa sanamu hiyo na kuishusha pwani ili ipakiwe melini, na sasa mnyama alikuwa amelisema waziwazi jambo ambalo wao wenyewe walikuwa wakiliogopa.

Aliyeitaka sanamu alikuwa Edward Daniel Clarke, msomi wa Cambridge aliyekuwa akizunguka nchi za mashariki ya Mediterania pamoja na mwanafunzi wake, John Marten Cripps. Ugiriki wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na ruhusa ya kuchukua vitu vya kale katika eneo hilo ilitoka kwa liwali wa Athens, ambaye Clarke alimlainisha kwa kumpa darubini ya Kiingereza. Habari za ng'ombe, za manung'uniko ya watu na za yote yaliyofuata tunazipata katika maandishi ya Clarke mwenyewe, na msomaji anapaswa kulikumbuka hilo tangu mwanzo, kwa kuwa huu ni ushahidi wa mchukuaji, wala hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyeachiwa nafasi ya kueleza upande wake kwa mkono wake. Hata hivyo ni ushahidi wa kuaminika kuliko ambavyo mtu angetarajia, kwa sababu mara nyingi unasema mambo yasiyomfaa aliyeuandika.

Clarke anaeleza kwamba watu wa kijiji waliamini rutuba ya ardhi yao ilitokana na kuwapo kwa sanamu ile, na kwamba ndiyo sababu waliirundikia samadi waliyokusudia kuipeleka mashambani. Msafiri asiyejua kilimo angemwona mwanamke wa marumaru aliyezama katika kinyesi cha ng'ombe akadhani ametupwa na kusahauliwa. Mkulima anajua kwamba samadi ni chakula cha shamba, na kuiweka karibu na mlinzi wa mavuno kabla ya kuitawanya ni kuitafutia baraka. Walipotakiwa kutoa sababu ya imani yao, wanakijiji walionyesha kichwa cha sanamu, ambako mchongaji alikuwa ameweka masuke ya ngano, wakasema hiyo ndiyo dalili isiyokosea ya mazao ya nchi yao. Kama angeondolewa, walisema, mavuno ya kila mwaka yangekosekana.

Baada ya kisa cha ng'ombe hakuna aliyekuwa tayari kuanza kuchimba. Suluhisho lilipatikana kwa padri wa kijiji. Alivaa mavazi yake ya ibada kana kwamba anakwenda kuadhimisha misa kuu, akashuka shimoni, akapiga pigo la kwanza kwa sururu, ili watu waone kwamba hakuna balaa litakalowapata wachimbaji. Baada ya hapo sanamu, ambayo uzito wake Clarke aliukadiria kuwa karibu tani mbili, ilitolewa, ikaburutwa juu ya magogo hadi ufukweni, ikapakiwa.

Mambo ya nje ya kisa yanaishia hapo. Swali linalonishughulisha katika uchambuzi huu ni jingine: imani ile ilitoka wapi? Hekalu la Eleusis lilikuwa limefungwa zaidi ya miaka 1,400 kabla ya siku hiyo, na watu waliokuwa wakiishi juu ya magofu yake walikuwa Wakristo wa Kiorthodoksi. Ilikuwaje basi wakulima hao wamwone mwanamke wa jiwe kuwa ndiye anayewapa ngano, mahali palepale ambapo Wagiriki wa kale walisema mungu wa kike wa nafaka alikaa, akalia, akakasirika na hatimaye akawarudishia wanadamu chakula? Ili kulijibu swali hilo inabidi turudi kwenye hekaya yenyewe, kwa sababu katika Eleusis hekaya iliuongoza mji katika mambo yake mengi ya kila siku.

Utenzi wa kale wa Kigiriki wenye mistari 495, unaoaminiwa kutungwa katika karne ya 7 au ya 6 K.K., unasimulia hivi. Persephone, binti ya Demeter, mungu huyo wa kike wa nafaka, alikuwa akichuma maua malishoni. Alipounyooshea mkono ua la nasisi, ardhi ilipasuka, na Hades, mfalme wa kuzimu, akatoka na gari lake la farasi akamchukua kwa nguvu, kwa ridhaa ya Zeus, mkuu wa miungu na baba wa binti huyo. Mama alisikia mwangwi wa kilio. Alizunguka dunia siku tisa akiwa na mienge mikononi, hakula, hakunywa, hakuoga. Alipoelezwa ukweli na Jua, ambalo huona kila kitu, aliiacha jamii ya miungu, akajigeuza mwanamke mzee na kwenda kuketi kando ya kisima cha Eleusis, chini ya kivuli cha mzeituni.

Hapo utenzi unatulia na kuingia katika mambo madogo, na mimi huona kwamba nguvu yake yote imo humo. Mabinti wanne wa mfalme Keleos wanakuja kuteka maji kwa mitungi yao ya shaba. Wanamsalimu bibi mgeni kwa heshima, wanamuuliza ametoka wapi na kwa nini ameketi mbali na nyumba za watu, wakati mle ndani wamo wanawake wa rika lake ambao wangempokea. Anawajibu kwamba jina lake ni Doso na kwamba maharamia walimteka kutoka Krete. Wanamchukua nyumbani. Anapewa kiti kizuri, anakikataa, anaketi kwenye kigoda kilichotandikwa ngozi ya kondoo, kimya, mtandio usoni. Anakataa divai. Mjakazi aitwaye Iambe anamfanyia mzaha hadi anacheka, na ndipo anapoomba achanganyiwe maji, unga wa shayiri na mnanaa, akanywa. Kila aliyeingizwa baadaye katika siri za Eleusis, yaani ibada ya siri iliyofanywa huko, alifunga kama alivyofunga Demeter, na alifungua kwa kinywaji kilekile.

Demeter alipewa mtoto mchanga wa mfalme, Demophon, amlee. Kila usiku alimweka motoni ili amuunguzie ule upande wa kufa na kumfanya asizeeke, hadi mama wa mtoto, Metaneira, alipochungulia usiku mmoja akapiga yowe. Demeter akamwacha mtoto, akajidhihirisha kwa utukufu wake, akaamuru watu wa Eleusis wamjengee hekalu chini ya mji, juu ya kilima kilicho karibu na kisima cha Kallichoron. Walipolijenga alijifungia humo kwa ajili ya binti yake, akaizuia nafaka isiote. Wanadamu wangeangamia kwa njaa, na miungu ingekosa sadaka. Zeus alilazimika kumtuma Hermes, mjumbe wa miungu, kuzimu amrudishe Persephone. Lakini msichana alikuwa ameshakula punje ya komamanga, na kwa sababu hiyo theluthi moja ya kila mwaka anarudi kwa mumewe chini ya ardhi, na theluthi mbili anakaa na mama yake. Ngano ikaota tena, na Demeter akawafundisha wakuu wa Eleusis, wakiwamo Triptolemos na Eumolpos, ibada ambayo utenzi unasema hairuhusiwi kuvunjwa, kuulizwa wala kutangazwa.

Tazama jinsi masimulizi haya yalivyofungwa na ramani. Kisima cha Kallichoron kipo hadi leo, mawe yake ya duara yakionekana kando ya lango kuu la patakatifu. Hatua chache mbele yake kuna pango dogo la mwamba ambalo watu wa kale walilihesabu kuwa mlango wa Hades. Kilima kilichotajwa ndicho ambacho ubavu wake ulichongwa ili kupata nafasi ya Telesterion, ukumbi wa ibada. Karibu na mji lilikuwapo shamba lililoitwa Raria, ambalo ilisemekana ndilo la kwanza duniani kupandwa nafaka, na Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., anasema alionyeshwa humo kiwanja cha kupuria cha Triptolemos na madhabahu yake. Mtu wa Eleusis hakuhitaji kuambiwa hekaya ilitokea wapi, maana aliipita kila asubuhi akienda kuteka maji au kulima.

Telesterion peke yake inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Hekalu la kawaida la Kigiriki lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu, na watu walisimama nje. Huu ulikuwa ukumbi wa mraba wenye upande wa mita 51 hivi, paa lake likibebwa na nguzo 42, ngazi za kukalia zikizunguka kuta, ukiweza kuchukua watu wapatao 3,000 kwa usiku mmoja. Chini ya sakafu yake wachimbaji waligundua msingi wa jengo la enzi ya Mykene, ustaarabu wa Kigiriki wa karne nyingi kabla ya utenzi kutungwa. Jengo la karne ya 6 K.K. liliharibiwa na Waajemi walipovamia, na Athens ya wakati wa kiongozi wake Perikles ikalijenga upya kwa ukubwa zaidi, Iktinos, mmoja wa wajenzi wa Parthenon, hekalu maarufu la Athens, akiwa miongoni mwa wasanifu.

Athens haikufanya hivyo kwa uchaji peke yake. Amri ya karne ya 5 K.K., iliyochongwa kwenye jiwe na kubakia, iliwataka Waathene na washirika wao wapeleke Eleusis malimbuko ya mavuno yao: si chini ya sehemu moja ya 600 ya shayiri na sehemu moja ya 1,200 ya ngano. Miji mingine ya Wagiriki nayo ilialikwa kufanya hivyo. Hekaya ya bibi kizee aliyeketi kisimani ikawa msingi wa hoja ya kisiasa, kwamba nafaka ilianzia katika ardhi ya Attika, nchi inayouzunguka mji wa Athens, na kwa hiyo ulimwengu mzima una deni kwa Athens. Sioni sababu ya kuwalaumu waumini kwa hilo. Ila ni lazima tuseme wazi kwamba tangu wakati huo mji mdogo wa Eleusis haukuwa tena mwenye siri yake peke yake, hata kama makuhani wakuu waliendelea kutoka katika koo mbili, ya Eumolpos na ya Kerykes, kizazi baada ya kizazi.

Kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, waliotaka kuingizwa katika siri walikusanyika Athens, wakaoga baharini pamoja na nguruwe wadogo wa kafara, kisha wakafuata Njia Takatifu kwa miguu hadi Eleusis. Makuhani wa kike walibeba vitu vitakatifu katika makapu yaliyofungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuviona kabla ya wakati wake. Milango haikufungwa kwa wanawake, wala kwa watumwa, wala kwa wageni waliojua Kigiriki. Waliokataliwa ni wale wenye damu ya mtu mikononi. Cicero, Mrumi aliyeingizwa, aliandika kwamba hapo watu walijifunza kuishi kwa furaha na kufa kwa tumaini jema zaidi. Kilichoonyeshwa usiku ule ndani ya ukumbi hakikuandikwa na aliyekiona. Karibu mwaka 200 K.K. vijana wawili wa Akarnania, nchi ya magharibi ya Ugiriki, waliingia pamoja na umati bila kujua kanuni, wakajifichua kwa maswali yao, wakauawa, na kifo chao kikawa mojawapo ya visababu vya vita kati ya Athens na Philipo wa Tano wa Makedonia. Pausanias naye alipofika kwenye ukuta wa patakatifu alisimamisha kalamu. Alisema ndoto ilimkataza kueleza yaliyo ndani.

Sasa turudi kwa mwanamke wa marumaru, kwa sababu hapa ndipo kisa chetu kinapogeuka. Clarke aliamini amempata Demeter mwenyewe. Alikosea. Karibu mwaka 50 K.K., Mrumi aitwaye Appius Claudius Pulcher, aliyekuwa konsuli, yaani mmoja wa watawala wawili wakuu wa Roma, mwaka 54 K.K., alianza kujenga lango la ndani la patakatifu la Eleusis, na wapwa wake wakalimaliza. Upande wa ndani wa lango hilo, ukielekea Telesterion, paa lilibebwa na sanamu mbili za wanawake badala ya nguzo za kawaida. Kila mmoja amejitwika kapu takatifu lililonakshiwa masuke ya ngano na maua, na mikanda ya vazi lake inapishana kifuani, penye kichwa kidogo cha Gorgoni, zimwi la kike la hekaya lenye nywele za nyoka. Aliyechukuliwa na Clarke ni mmoja wa hao wawili. Ni mbebaji wa kapu, mtumishi wa Demeter, aliyechongwa ili kila anayepita langoni aone mfano wa wale makuhani wa kike waliobeba siri vichwani mwao kutoka Athens.

Wanakijiji nao, kwa kipimo cha mwanahistoria, walikosea, kwa kuwa mbebaji wa kapu siye mpaji wa mavuno. Lakini makosa haya mawili si ya uzito mmoja. Clarke alitaka jina, na jina alilompa halikuwa lake. Wanakijiji walisoma masuke. Walitazama alichokibeba kichwani wakajua kinahusu chakula chao, na hilo ndilo hasa mchongaji alilokuwa amekusudia wapitao langoni walielewe, miaka 1,850 hivi kabla yao. Kati ya pande hizo mbili, waliolitazama jiwe kwa makini zaidi ni wale ambao mwandishi aliwaita watu wa ushirikina.

Kuna maelezo yanayopendwa na wengi kuhusu jambo hili, kwamba ibada ya Demeter haikufa kabisa, ikajificha chini ya Ukristo, ikarithishwa kwa siri kutoka mama hadi binti hadi mwaka 1801. Maelezo hayo yanavutia, na mimi mwenyewe niliyaamini kwa muda, lakini hayakubaliani na tunayoyajua. Mfalme Theodosius wa Roma alipiga marufuku ibada za kale mwaka 392 B.K., na miaka michache baadaye jeshi la Alaric, mfalme wa Wagothi, lilipita katika nchi hiyo na patakatifu pakaharibiwa. Zikapita karne za uchache wa watu. Wanakijiji aliowakuta Clarke walikuwa Waarvanite, watu wa asili ya Kialbania ambao wazee wao walihamia Attika mwishoni mwa zama za kati. Kwa damu na kwa lugha, hawakuwa wana wa Eumolpos.

Zaidi ya nusu karne baadaye, François Lenormant, mtaalamu wa Kifaransa wa mambo ya kale, alichapisha hadithi aliyosema aliipata Eleusis kwa padri mzee sana, kuhusu Mtakatifu Demetra, mwanamke mkarimu ambaye binti yake alitekwa na Mturuki mchawi, na ambaye alimtafuta kwa taabu huku akisaidiwa na korongo. Ulinganifu wake na utenzi wa kale ni mkubwa mno. Kanisa la Kiorthodoksi halina mtakatifu wa jina hilo. Lina Mtakatifu Demetrio, mwanamume, askari na shahidi wa Thesalonike. Lenormant anajulikana pia kwa maandishi ya kale ambayo wataalamu wengine walimtuhumu kuyaghushi. Kwa sababu hizo siiweki hadithi hiyo katika mizani ya ushahidi, ingawa waandishi wengi wa baadaye wameitumia kana kwamba imethibitishwa.

Kinachobaki, tukiondoa urithi wa damu na hadithi ya padri huyo mzee, ni jiwe lenyewe na udongo lililosimama juu yake. Na nadhani vinatosha. Uwanda unaozunguka Eleusis ulikuwa wa nafaka zamani, na ulikuwa bado wa nafaka mwaka 1801. Wageni waliofika bila kujua habari za Demeter walihitaji mahali tambarare pa kupuria, wakapata sakafu za mawe za hekalu lililoanguka. Katikati ya sakafu hizo walimkuta mwanamke mkubwa kuliko binadamu, amejitwika ngano. Hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Kila msimu walipura mbele yake, kila msimu alikuwapo, na mavuno yaliyopatikana yalipatikana mbele ya macho yake. Hekaya ilikuwa imewahi kupandwa katika mahali, na wapya walipofika mahali pakawafundisha sehemu ya hekaya ile ambayo bado ilikuwa na kazi ya kufanya. Jina la Demeter lilipotea, Persephone akapotea, komamanga likasahauliwa, siri za usiku zikazikwa na waliozijua. Uhusiano kati ya mwanamke yule na ngano ile ulibaki, kwa kuwa ulikuwa umechongwa.

Kama maelezo haya ni sahihi, basi kuondolewa kwa sanamu kulikuwa na uzito ambao Clarke hakuuona. Yeye aliona anaokoa kazi ya sanaa isiendelee kuharibika, na ni kweli uso wa sanamu ulikuwa umeshapigwa na kuchakaa hata hauna sura. Lakini sanamu ilipotoka, kijiji kilipoteza kitu pekee kilichokuwa kikikifundisha, na imani iliyotegemea jiwe isingeweza kubaki bila jiwe.

Padri naye anastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu wasomaji wengi humpita haraka. Hakuwakemea watu wake wala hakuhubiri kwamba jiwe ni jiwe tu. Alivaa mavazi ya misa. Mtu anayeamini kwamba mbele yake kuna lundo la samadi na kipande cha marumaru havai mavazi ya misa ili kukichimba. Inawezekana alifanya hivyo kwa kuwahurumia waumini wake waliokuwa wamebanwa kati ya amri ya liwali na hofu ya njaa. Inawezekana pia alilazimishwa. Kwa vyovyote, alijiweka yeye mwenyewe kati yao na balaa waliloliona linakuja, ili likianguka limwangukie yeye kwanza. Ndani ya ukumbi ule wa kale kuhani mkuu alivaa mavazi ya fahari kabla ya kuonyesha vitu vitakatifu. Sidai kwamba padri alilijua hilo. Nasema tu kwamba mahali pale palimtaka kuhani, na kuhani aliyekuwapo alikuwa yeye.

Yaliyofuata yalikwenda karibu kama wanakijiji walivyotabiri. Meli iliyobeba sanamu, Princessa, ilivunjikia karibu na Beachy Head, kusini mwa Uingereza, mwaka 1802, sanamu ikaopolewa. Mwaka 1803 iliwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1865 ikahamishiwa Fitzwilliam Museum, jumba la makumbusho la chuo hicho, ilipo mpaka sasa. Edward Dodwell, msafiri mzaliwa wa Ireland aliyeiona ikiwa bado katika kiwanja cha kupuria katika safari yake ya kwanza, alirudi Eleusis miaka michache baada ya kuondolewa kwake. Wanakijiji walimhakikishia kwamba tangu sanamu ilipoondoka neema yao ya mavuno imetoweka. Mwanauchumi atasema mavuno hupanda na kushuka bila kujali sanamu, naye atakuwa sahihi. Mimi nalichukua jibu lao kama shitaka, la pekee walilopata nafasi ya kulitoa, na walilitoa kwa lugha ya shamba kwa kuwa ndiyo waliyoimiliki.

Wapo wanaosema kwamba bila Clarke sanamu hiyo ingevunjwa kwa ajili ya chokaa, kama yalivyovunjwa marumaru mengi ya Ugiriki. Hoja hiyo ina nguvu kwa magofu mengine. Hapa ni dhaifu, kwa sababu mwenzake aliyebaki hakuvunjwa. Uchimbaji wa kisayansi ulianza mwaka 1882 chini ya Jumuiya ya Akiolojia ya Ugiriki, nyumba za kijiji zilizosimama juu ya hekalu zikanunuliwa na kuondolewa, na leo pacha huyo yumo katika jumba la makumbusho lililojengwa palepale juu ya kilima, kapu lake kichwani, mikanda imepishana kifuani, katika hali nzuri kuliko dada yake. Walichongwa wasimame pande mbili za lango moja. Maoni yangu, ambayo sitayaficha, ni kwamba hakuna sababu ya kielimu inayowatenganisha sasa, na kwamba ukitaka kumwelewa yule wa Cambridge unalazimika kwenda kumtazama huyu wa Eleusis.

Mji wenyewe umebadilika kuliko alivyoweza kukisia yeyote kati ya waliokuwapo kiwanjani siku ile. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya sabuni, vileo na saruji vilijengwa pwani, kisha vikafuata vya chuma na mafuta. Uwanda wa nafaka ukafunikwa kwa matangi na barabara. Mwaka 2023 Elefsina, kama unavyoitwa sasa, ulikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya.

Juu ya mwamba, moja kwa moja juu ya ukumbi wa Telesterion, kuna kanisa dogo la Bikira Maria. Watu wa mji wanampa hapo jina la Mesosporitissa, yaani Bibi wa Katikati ya Kupanda, kwa kuwa sikukuu yake ya tarehe 21 Novemba huangukia wakati ambapo nusu ya mbegu ipo ardhini na nusu bado imo ghalani. Mkesha wa sikukuu, jioni ya tarehe 20, wanawake hupanda kilimani wakipita kando ya magofu, wakiwa wamebeba mikate na mabakuli ya ngano iliyochemshwa pamoja na maharage, dengu, zabibu kavu na punje za komamanga. Padri huvibariki, kisha kila aliyefika hugawiwa, akala hapohapo akiwa amesimama.